Jeki Hunyanyua, Stendi Hushika

Pancha haina adabu. Haichagui siku wala haiangalii nguo. Ilimkuta dada mmoja Jumatatu asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara ulio mbele ya soko kuu, wakati ambapo kila mwenye gari anataka kupita na kila mwenye mzigo anataka kuvuka. Alikuwa amevaa gauni la manjano lililomkaa sawasawa, viatu vya visigino virefu, na nywele alizozifunga juu kisha akazichomeka kalamu badala ya kibanio. Magari ya nyuma yalimpigia honi kana kwamba honi hujaza upepo.

Akashuka. Akaliangalia gurudumu, akawaangalia wapiga honi, akafungua buti. Tairi la akiba lilikuwemo. Jeki haikuwemo.

"Haya sasa," akasema peke yake. "Kisima ninacho, ndoo sina."

Pikapu ya buluu ikajisogeza nyuma yake ikasimama. Akashuka mwanamume mrefu, shati la kijivu limepigwa pasi, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni, ananukia sabuni na oili kwa mbali. Hakuwa amepiga honi hata mara moja, na hilo peke yake lilimpatia alama nzuri.

"Dada, unahitaji nini?"

"Jeki. Na hao wanaonipigia honi wanahitaji malezi."

Mwanamume akacheka, akarudi kwenye pikapu, akaja na jeki. Lakini badala ya kupiga goti kama wanaume wengi wapendavyo kufanya mbele ya gauni la manjano, aliiweka chini karibu na miguu yake, akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani.

"Kwanza legeza nati, kabla gurudumu halijaacha ardhi. Kisha jeki iweke hapo, chini ya ule ukingo wa chuma. Halafu zungusha."

"Mimi?"

"Wewe. Ukijifunza leo, kesho hutamsubiri mtu."

"Bwana, nimevaa nguo ya mkutano."

"Nguo haizungushi jeki. Mkono ndio unaozungusha."

Alimtazama ili aone kama ni dharau. Haikuwa dharau. Ilikuwa ama kiburi ama heshima, na kwa kuwa huyu bwana alikuwa na sura ya kumfanya mtu ampe nafasi ya pili, dada akaamua ni heshima. Akavua viatu, akakunja gauni magotini, akafanya kazi. Mwanamume akamwelekeza akiwa palepale alipo, viganja amevificha makwapani.

"Wewe ni fundi, au unapenda tu kuamuru watu?"

"Vyote viwili. Gereji yangu iko barabara ya nyuma ya soko. Na wewe?"

"Naandika kamusi."

"Kamusi bado zinaandikwa? Mimi nilidhani zilikwisha."

"Maneno hayajaisha, kamusi itaishaje? Mwezi huu tuko herufi ya J, na mimi nimepewa neno la hiki hiki ulichonikopesha." Akaigonga jeki kwa ncha ya spana. "Unajua kwamba ni jina la mtu?"

"Jeki? La nani hilo?"

"La kila mtu. Waingereza wa zamani walikuwa na akina Jeki wengi mno, mpaka kijana yeyote wa kutumwatumwa akawa anaitwa Jeki hata kama jina lake ni lingine. Baadaye wakabuni vyombo vya kufanya kazi za yule kijana. Cha kuvulia viatu, Jeki. Cha kugeuzia nyama motoni, Jeki. Cha kunyanyulia mzigo, Jeki. Kijana akapata kupumzika, jina likaendelea na kazi."

"Na yule kwenye karata?"

"Huyohuyo. Sisi tunamwita ghulamu, na ghulamu naye ni kijana wa kutumwa."

"Na jaketi?"

Dada akamkazia macho. Watu wengi hukimbia kufikia hapo. "Wanaojua wanasema huenda lilitoka kwa Jeki wa Wafaransa, jina walilomwita kila mkulima. Lakini fenesi, ambalo Waingereza nalo wanalibandika Jeki, hilo halina undugu nao. Jina lake lilitoka Uhindini, likapitia kwa Wareno, Waingereza wakalisikia wakadhani ni ndugu yao."

Wapiga honi walikuwa wameanza kutumia midomo sasa. Mwanamume hakuonekana kuwasikia. "Miaka yote hii," akasema, "nawaambia vijana wangu, niletee jeki. Kumbe nilikuwa naagiza mtu."

Gurudumu jipya likakaa. Dada akakaza nati ya mwisho, akasimama, mikono myeusi, uso unang'aa kwa fahari. "Nimeweza!"

"Nilijua. Sasa Bi Maneno, nipe namba yako, nisije nikapata neno gumu nikakosa wa kumuuliza."

"Na mimi nikipata pancha?"

"Wewe tayari unajua kubadilisha. Utanipigia kwa sababu nyingine."

Akampa namba. Jina hilo, Bi Maneno, likamganda, nasi tutamwita hivyohivyo. Mwanamume yeye alikuwa Fundi kwa kila mtu tangu zamani.

Alipiga simu jioni ileile, na asiseme mtu kwamba alifanya haraka.

"Bi Maneno, nina neno gumu."

"Lipi?"

"Chakula cha mchana. Maana yake nini mtu akila peke yake?"

"Maana yake ni kushiba tu."

"Na wakila wawili?"

"Hilo lina maana nyingi, Fundi. Itabidi tulifanyie utafiti."

Wakalifanyia utafiti. Wakala pamoja wiki ile, na iliyofuata, na siku nyingine bila hata kisingizio. Fundi akamtumia picha ya ile ncha ya kuchomeka ya waya wa spika, "Hii nayo si jeki?" naye akajibu ndiyo, na yule anayeshinda jekipoti, donge nono la bahati nasibu, naye anamshukuru ghulamu wa karata, kwa kuwa katika mchezo fulani wa Wamarekani hukuruhusiwa kufungua pesa za mezani mpaka uwe na maghulamu wawili mkononi. Fundi akaandika: "Mimi sina karata. Nina wewe. Nimeshafungua meza." Bi Maneno aliisoma ofisini akacheka kwa sauti, mpaka Mhariri Mkuu akainua miwani.

Ofisi yenyewe niieleze, kwa sababu humo ndimo mambo yalimoharibikia. Ilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya droo ndogondogo kutoka sakafuni mpaka juu, na ndani ya droo kadi. Kila kadi neno, kila neno maana zake, na kila maana sentensi ya mfano. Mhariri Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa tai hata siku za joto, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko watoto wake: sentensi ya mfano haitungwi. Lazima iwe imetamkwa na mtu hai kwa kinywa chake, mahali fulani, siku fulani. Jina lake haliandikwi, ila maneno yake hayabadilishwi hata nukta. "Sentensi ya kutunga ni ua la plastiki," alikuwa akisema. Basi wafanyakazi wake wote walikuwa na masikio ya wezi. Walisikiliza sokoni, hospitalini, matangani. Bi Maneno alikuwa hodari kuwashinda wote. Ile kalamu ya nywelani haikuwa pambo.

Na kadi ikishaingia kwenye droo, ni ya ofisi. Jumamosi asubuhi Mhariri Mkuu alikuwa na kipindi redioni, neno moja kila wiki, naye huchukua kadi za kwenye droo na kuzisoma kwa sauti yake nzito ambayo watu waliipenda.

Jumapili moja mchana gereji ilikuwa imefungwa. Fundi na Bi Maneno walikaa kwenye benchi ndani, wanakunywa chai, mbele yao gari la mteja limenyanyuliwa. Alikuwa amemfundisha mengi humo. Leo alimwonyesha stendi, vile vigogo vya chuma vya miguu mitatu.

"Sikiliza vizuri, mpenzi. Jeki hunyanyua, stendi hushika. Jeki ni ya kupandishia tu. Ukishapandisha, weka stendi, ndipo uingie. Anayeiachia jeki mzigo wote anacheza na roho."

"Na wewe mbona huingii?"

"Wapi?"

"Chini ya gari. Nakuja hapa tangu lini? Vijana wako wote wametoka humo chini weusi kama masufuria. Wewe shati lako halina hata tone."

"Mimi ni bosi."

"Fundi."

"Bosi hajipaki oili."

"Fundi wangu. Siku ile kwenye mzunguko ulificha mikono. Nilidhani ni heshima."

Akaweka kikombe chini. Kisha akamwambia. Kaka yake mkubwa, yule anayechechemea na mkongojo, anayekaa dirishani akitoa vipuri, ndiye aliyeianzisha gereji. Siku moja kulikuwa na mteja mwenye haraka, na Fundi ndiye aliyenyanyua gari, na stendi zilikuwa pale hatua chache, akaona atapoteza muda. Kaka akaingia chini. Jeki ikaponyoka.

"Mguu tu," akasema. "Watu wanasema, mshukuru Mungu ni mguu tu. Nashukuru. Lakini nisikilize, sijamwambia mtu hili, hata mama. Tangu siku jeki ilipoponyoka gari likamkalia kaka, mimi ni fundi nisiyeingia chini ya gari."

Akafunua viganja vyake. Vilikuwa vinatetemeka kwa kuitaja tu. Bi Maneno akavishika vyote viwili, akavibusu. Alimpenda siku hiyo kuliko siku zote. Hilo ni kweli tupu, naomba mlikumbuke, maana la pili nalo ni kweli: aliposhika viganja vile, sikio lake la kazi lilikuwa limeshaisikia ile sentensi. Ilikuwa sentensi nzuri ajabu. Ilikuwa na neno, ilikuwa na maana, ilikuwa na mtu ndani.

Jumatatu akaiandika kwenye kadi. Akakaa nayo mezani akiigeuza. Hakuna jina, akajiambia. Hakuna jina, hakuna ubaya. Akaitia kwenye droo, akaenda kula. Alijua hakupaswa. Mtu akijua hapaswi, hutafuta sababu haraka, naye sababu aliipata.

Jumamosi gereji ilikuwa imejaa. Redio ipo rafuni, inaongea peke yake kama kawaida, mpaka Spana, fundi mkubwa wa pale, akapiga kelele kutoka chini ya lori dogo: "Bosi! Leo wanamsema jeki! Si ndiyo ya shemeji yetu hiyo?"

"Ongeza sauti," Fundi akasema kwa fahari. Kaka Mkubwa naye akatoa kichwa dirishani. Wakasikiliza habari za yule kijana wa kutumwa, na ghulamu, na fenesi. Wakacheka. Mhariri Mkuu akasema neno hili sisi tumelipokea tukalipa kazi mpya, tunasema kumpiga mtu jeki, yaani kumwinua aliyekwama. Kisha akasema, kwa maana ya chombo chenyewe, sikilizeni mfano huu uliochotwa kinywani mwa fundi mmoja. Akasoma. Akaisoma vizuri, kwa kituo, kama mtu anayeonja kitu kitamu.

Tangu siku jeki ilipoponyoka gari likamkalia kaka, mimi ni fundi nisiyeingia chini ya gari.

Spana akatoka chini ya lori polepole. Wale vijana wakaangalia viatu vyao. Mteja mwenye lori, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na gazeti, akamtazama Fundi, akatazama shati lake safi, akatazama mkongojo wa Kaka Mkubwa. Hakuhitaji jina. Mtaa mzima ulijua ni gereji gani iliyomvunja mtu mguu.

"Hivi," mteja akasema, "gari langu ni nani aliyelikagua?"

Jioni alikuwa amelichukua.

Bi Maneno alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akaandika, akafuta, akaandika. Alipofika mwenyewe gerejini alikuwa ameshika ile kadi mkononi, aliyoitoa kwenye droo mbele ya Mhariri Mkuu.

"Kadi ni ya ofisi," Mhariri alikuwa amesema.

"Kauli ni ya mwenyewe," alikuwa amejibu, na akatoka nayo.

Sasa akamnyooshea Fundi. "Nimeitoa. Haipo tena. Haitaingia kwenye kamusi."

Fundi hakuipokea. "Umemwaga mtama kwenye kuku wengi, halafu unaniletea gunia tupu."

"Sikuandika jina."

"Ni nani mwingine mtaani hapa ambaye gari lilimkalia kaka yake?"

"Najua. Nilikosa. Sina la kujitetea."

"Nijibu moja tu. Siku ile uliposhika mikono yangu." Akausukuma kando mkono wenye kadi. "Siku ile ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unanivuna?"

Angesema uongo angepona, au angalau angepata muda. Hakusema. "Vyote viwili," akajibu.

Fundi akatikisa kichwa, akaingia stoo, akafunga mlango. Bi Maneno akasimama na kadi yake katikati ya makopo ya oili, watu wazima wakijifanya wanatafuta nati zilizodondoka. Halafu akanyoosha mgongo, akatoka akitembea sawasawa. Machozi aliyaacha mpaka alipofika kwenye gari, na huko akayatoa yote kwa mkupuo.

Siku zikapita. Msimwonee huruma kupita kiasi. Alikula, alilala, alikwenda kazini. Ila alipokuwa sokoni akisikia mtu amesema jambo zuri, mkono ukaenda nywelani wenyewe, ukafika njiani ukarudi. Mhariri Mkuu akamuuliza mbona kadi zimepungua. Akamwambia, "Nimegundua kwamba watu wakisema, mara nyingine wanamwambia mtu mmoja."

Kisha simu ikaita. Namba mpya.

"Shemeji," sauti ikasema, "hapa ni dirisha la vipuri."

"Kaka Mkubwa! Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umepotea? Bomba la moshi la gari lako linapiga kelele, nililisikia siku ile unaondoka. Lilete."

"Kaka, sidhani kama nakaribishwa."

"Nani aliyekutangazia? Sikiliza, mama. Mimi miaka yote hii nilijua mdogo wangu amenikalia ubosi. Nikasema moyoni, gereji niliianzisha mimi kwa mgongo wangu, leo yeye anaona haya kujipaka oili. Nilimkasirikia, shemeji. Kimoyomoyo, kila siku, nikimwangalia na lile shati lake. Kumbe mwenzangu anaogopa. Redio ndiyo iliyoniambia." Akapumua. "Ulifanya vibaya, sikufichi. Lakini mimi na yeye tumeongea juzi mpaka tukalia kama watoto. Nimemwambia mguu huu sikuwahi kumdai."

"Na yeye?"

"Ameniambia amesikia. Lakini chini ya gari bado haingii. Na jina lako hataki litajwe, ila kila gari la manjano likipita anageuka."

"Gari langu ni jeupe, Kaka."

"Ndiyo maana nakwambia mtu huyo ameharibika. Njoo kesho. Ila usije na maneno. Hayo unayo mengi, na yeye ameshayaogopa."

Akaja kesho yake mchana, amevaa lile gauni la manjano. Nywele alikuwa amezifunga kwa kitambaa. Kalamu aliiacha mezani nyumbani, na mkoba akauacha na kalamu.

Gari lilinguruma mpaka ndani ya gereji. Fundi akatoka, akamwona, akasimama. Uso wake ukafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na moja lilikuwa furaha, ingawa alilificha haraka.

"Spana," akasema bila kumwangalia Bi Maneno, "liangalie gari la mteja."

"Mteja habari yako," Spana akasema kwa adabu kubwa. Akalinyanyua gari, akaweka stendi, nne, kila pembe yake, akalisukuma kwa bega kuhakikisha limekaa. Akavuta ule ubao wenye vigurudumu ambao mafundi hulalia wanapoingia chini. Lakini kabla hajaulalia, Bi Maneno alikuwa ameshavua viatu, amejilaza juu yake chali, gauni na yote, na amejisukuma kwa visigino. Akapotea. Yakabaki nje miguu mitupu.

Vijana wakaacha kazi, wakasogea.

"Toka!" Fundi akapiga kelele. "Wewe! Toka humo!"

"Sitoki," sauti ikajibu kutoka chini.

"Si mahali pa kuchezea hapo!"

"Sichezi. Gari limekaa kwenye stendi nne. Jeki hunyanyua, stendi hushika. Nani alinifundisha?"

"Spana, mtoe."

"Bosi," Spana akasema akijifuta mikono taratibu, "huyo ni mteja. Mimi siwezi kumvuta mteja miguu."

Fundi akamgeukia kaka yake dirishani. Kaka Mkubwa akawa anahesabu boliti kwa bidii.

"Unataka nini?" Fundi akaliuliza lile gari. Alikuwa amekwisha kulisogelea bila kujua.

"Nataka kujua huwa unaogopa nini. Nimeingia nione mwenyewe. Kuna giza kidogo. Kuna kitu kinanidondokea usoni. Na kweli, Fundi, likikaa juu yako hivi, unalihisi uzito hata halijakugusa. Sikujua. Niliiandika ile sentensi na sikujua ina nini ndani. Sasa najua, nami naogopa, na bado sitoki."

Alikuwa anaogopa kweli. Ilisikika.

Fundi akachuchumaa. Akaishika stendi ya kwanza, akaitikisa. Haikwenda popote. Akazunguka, akaishika ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi kwenye ya kwanza akaitikisa tena. Viganja vilikuwa vinamtetemeka kiasi kwamba hata vijana wa upande wa pili waliona, na safari hii hakuvificha makwapani. Kaka Mkubwa akaacha boliti, akaegemea mkongojo, akatoka nje kabisa ya dirisha lake.

"Nenda, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Nipo."

Basi yule mwanamume akalala sakafuni na shati lake la kijivu lililopigwa pasi, juu ya oili ya miaka, akajivuta kwa mgongo. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Akakwama hapo kidogo, pumzi inamwenda mbio, na kila mtu akashika ya kwake. Kisha kifua, na kiuno, na mwisho ikabaki miguu minne inayotazama juu, miwili ya viatu na miwili mitupu.

Chini kule kulikuwa na nafasi ya watu wawili wanaopendana, si zaidi. Bi Maneno aligeuza uso. Alikuwa na doa la oili juu ya nyusi.

"Umeingia," akanong'ona.

"Nyamaza kwanza. Nikiongea nitatapika."

Akanyamaza. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kufanya kama hiyo. Akamshika mkono, akauhisi ukitetemeka, kisha ukitetemeka kidogo, kisha ukiwa mkono tu.

"Nisamehe," akasema baadaye.

"Usinivune tena."

"Sitavuna. Nikitaka neno lako nitaomba. Ukikataa limebaki lako."

"Na mimi nilikuwa na la kukuambia tangu kabla ya ile redio," Fundi akasema. "Nilikuwa nalipanga. Sasa limevurugika lote."

"Liseme likiwa limevurugika."

Akalisema. Halikuwa refu. Aliposikia nusu yake, mkono wa Bi Maneno ukapanda wenyewe nywelani kutafuta kalamu, kwa mazoea ya kazi, ukakuta kitambaa. Hakukuwa na kalamu. Hakukuwa na kadi. Kulikuwa na uso wa Fundi tu, karibu kabisa, unasubiri. Akamsikiliza mpaka mwisho.

Waliokuwa nje walisikia vitu viwili: kichwa cha mtu kikigonga bomba la moshi, na mwanamke akisema "Ndiyo!" kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Amesema nini?" Spana akauliza.

"Amesema ndiyo, husikii?" Kaka Mkubwa akajibu akipangusa macho. "Hebu nipe simu, mama lazima ajue." Na hapohapo akampigia mama yao, akapaza sauti kama wapazavyo wanaoongea na wazee: "Mama! Kaa chini kwanza! Stendi zimekaa, jeki imetoka, Fundi ameingia chini ya gari!"

Wiki iliyofuata Mhariri Mkuu alikuwa bado analalamika kwamba maana ile ina pengo, kadi haina mfano. Bi Maneno akaenda dirishani kwa Kaka Mkubwa, akamuuliza kama anaruhusu aandike alichomwambia mama yake siku ile. Kisha akamuuliza Fundi, aliyetoka chini ya gari la mtu akiwa mweusi kama sufuria. Wakaangaliana wale ndugu, wakacheka, wakasema andika.

Mhariri Mkuu akaisoma kadi mara mbili. "Sahihi," akasema, "lakini kavu. Haina kitu ndani."

"Ndiyo, mzee," Bi Maneno akasema, akaitia kwenye droo.

Imo kwenye kamusi mpaka leo, fungueni herufi ya J. Aliyoyasema Fundi chini ya gari hayamo, wala hayamo mahali pengine popote. Na mimi msiniulize. Nimewasimulia yote haya mpaka ya moyoni mwa watu, lakini hayo nami sikuambiwa.